Montrose au Leslie mzee: ukisoma maisha ya jemadari mmoja wa Uskoti, uanze na nani?

Ukiuliza usome maisha ya jemadari gani wa Uskoti wa karne ya 17, wengi watakuelekeza kwa James Graham, Marquess wa Montrose (Marquess, kama Earl, ni cheo cha bwana mkubwa). Sababu iko wazi. Alikuwa kijana wa nyumba kubwa, mtunzi wa mashairi, alishinda mapigano sita ndani ya mwaka mmoja, kisha akanyongwa hadharani mjini Edinburgh akiwa na miaka 37. Maisha kama hayo yanajisimulia yenyewe.

Mimi nakushauri uanze na Alexander Leslie, Earl wa Leven. Huyu alikuwa mzee mfupi aliyepinda mgongo, mtoto wa nje ya ndoa, askari wa kukodiwa aliyekaa ughaibuni miaka thelathini. Picha yake haipambi jalada la kitabu. Na ukimaliza huyo, yuko wa tatu ambaye watu humsahau, David Leslie, jina moja lakini si baba wala mwana. Watatu hawa walipigana katika vita vilevile, mara upande mmoja, mara wakiwindana, kwa hiyo unaweza kuwapima kwa mizani moja.

Mizani yangu ni kesho yake. Kushinda ni jambo la saa mbili tatu. Jua likichwa na kuchomoza tena, jemadari alikuwa na nini mkononi? Nimewasoma watatu hawa kwa miaka, na swali hilo limenifundisha mengi kuliko hesabu ya nani alimshinda nani.

Kwanza chanzo cha ugomvi, kwa ufupi. Mfalme Charles wa Kwanza alitawala Uingereza na Uskoti pamoja. Mwaka 1637 aliwalazimisha Waskoti kutumia kitabu kipya cha sala chenye harufu ya mambo waliyoyakataa tangu mageuzi ya kanisa lao. Fujo zikazuka ndani ya kanisa la St Giles, Edinburgh. Februari 1638 mabwana, wachungaji na watu wa kawaida walianza kutia saini Agano la Taifa katika kanisa la Greyfriars, wakiapa kulinda dini yao. Wakaitwa Wanaagano. Mfalme akaandaa jeshi, nao wakaandaa lao. Miongoni mwa waliotangulia kutia saini alikuwemo Montrose mwenyewe. Wasimulizi wengi hulipita jambo hili haraka, lakini wewe lishike, maana tutalirudia.

Walikotoka

Montrose alirithi cheo cha Earl akiwa na miaka 14. Alisoma Chuo Kikuu cha St Andrews, ambako alisifika kwa kulenga mshale, akaoa mapema, akatembea Ufaransa na Italia. Vita hakuvijua. Alichokuwa nacho ni jina, mvuto, na moyo wa kutaka kuonekana.

Leslie alizaliwa mnamo 1580. Baba yake alikuwa mkuu wa askari katika ngome ya Blair, lakini mtoto wa nje ya ndoa harithi shamba wala cheo. Akaenda Uholanzi kupigana kwa mshahara, na kuanzia mwaka 1608 akaingia jeshi la Uswidi. Huko alipanda ngazi moja baada ya nyingine. Mwaka 1628 alikabidhiwa kuulinda mji wa bandari wa Stralsund, ambao jeshi la mfalme mkuu wa Ujerumani chini ya Wallenstein lilikuwa limeuzingira. Mji haukuanguka. Mwaka 1636 alipandishwa kuwa fildimasho, cheo cha juu kabisa jeshini, na mwaka huohuo alikuwa mmoja wa majemadari walioshinda pigano la Wittstock, Ujerumani. Aliporudi nyumbani mwaka 1638 alikuwa anakaribia miaka 60. Mishahara aliyokuwa akiidai serikali ya Uswidi, sehemu yake alilipwa kwa mizinga na bunduki. Huyo ndiye mtu aliyeshuka bandarini wakati taifa lake linatafuta wa kuliongoza.

Mzee akijenga jeshi

Uskoti wakati huo haikuwa na jeshi la kudumu. Kila bwana alikuwa na watu wake, na kila bwana aliamini yeye ndiye anayestahili kuamuru. Leslie alipata ufumbuzi ambao hadi leo naustaajabia kwa jinsi ulivyokuwa rahisi. Kanali wa kila kikosi aliwekwa bwana mkubwa wa eneo, ili heshima yake isiguswe na watu wake wamfuate. Lakini msaidizi wake, yule anayepanga mistari, kufundisha matumizi ya mkuki mrefu na gobori, na kuhakikisha posho imefika, alikuwa mkongwe aliyerudi kutoka Uswidi au Uholanzi. Bwana anapanda farasi mbele, mkongwe anaendesha kazi. Katika kila wilaya kamati iliandikisha watu, ikakusanya kodi na chakula.

Machi 1639 aliiteka ngome ya Edinburgh, ile iliyo juu ya mwamba, bila kupoteza mtu: bomu la kulipulia lango, ngazi na shoka, na kazi ikaisha kwa muda wa kumaliza chakula cha mchana. Kiangazi hicho jeshi lake lilipiga kambi kwenye kilima cha Duns Law karibu na mpaka. Mchungaji Robert Baillie, aliyekuwepo, aliandika kwa mshangao jinsi mabwana wenye kiburi walivyomtii askari yule mzee, mdogo, aliyepinda, kana kwamba ni Sultani Suleiman. Na hawakumtii kwa hofu. Kila jioni aliwaalika mezani pake, akazungumza nao kwa upole, akazitoa amri zake kwa namna ya ushauri. Mtu aliyezaliwa bila haki ya kukaa nao meza moja alijua vizuri thamani ya meza.

Agosti 1640 alivuka mto Tweed kuingia Uingereza. Viongozi walipiga kura nani atangulie majini, na kura ikamwangukia Montrose, akashuka kwenye farasi akavuka kwa miguu mbele ya watu wake. Naam, Montrose alikuwa ofisa chini ya Leslie. Alikuwa shuleni kwa mzee, kama tungesema.

Siku nane baadaye, Agosti 28, walifika Newburn, kijiji juu ya mto Tyne, magharibi mwa Newcastle. Hapa simama, soma pole pole. Waingereza walikuwa ng'ambo ya kusini, kwenye uwanda wa majani, nyuma ya ngome mbili za udongo walizochimba haraka. Ukingo wa kaskazini ni wa juu. Mto ule pale unapanda na kushuka na bahari, kwa hiyo asubuhi hauvukiki na alasiri maji yanakupwa. Leslie hakuwa na haraka. Wakati maji yanajaa, watu wake walikuwa wakiburura mizinga myepesi, iliyosimamiwa na Alexander Hamilton, mkongwe mwingine wa Uswidi, na kuipanga vichakani juu ya ukingo. Michache waliipandisha hadi juu ya mnara wa kanisa. Kutoka pale unatazama ndani ya ngome za adui kama mtu anayechungulia ndani ya sufuria. Pande zote mbili ziliendelea kunywesha farasi mtoni. Kisha ofisa mmoja wa Kiskoti akatoka kwenye nyumba ya nyasi kumnywesha farasi wake, askari wa upande wa pili akamlenga, akampiga, na hapo mizinga ikajibu. Ngome za udongo hazikustahimili. Maji yalipopungua, Waskoti wakavuka, na kufikia jioni jeshi la mfalme lilikuwa linakimbia.

Sasa kesho yake. Waingereza waliiacha Newcastle, na Agosti 30 Leslie akaingia. Newcastle ndiyo iliyopeleka makaa ya mawe London, na London bila makaa hupata baridi kali ya Desemba bila moto. Hakuwa na haja ya kupiga hatua nyingine. Kwa mkataba wa Ripon, Oktoba mwaka huo, ilikubaliwa kwamba jeshi lake lilipwe pauni 850 kwa siku mpaka mambo yamalizike, yaani Waingereza walilipie jeshi lililowashinda. Mfalme hakuwa na fedha hizo, akalazimika kuliita Bunge, lile lililokuja kumpiga vita miaka miwili baadaye. Pigano dogo, vifo vichache, na siasa ya Uingereza nzima ikageuka. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Mwaka 1641 mfalme alikuja Edinburgh kutafuta suluhu, akampa Leslie cheo cha Earl wa Leven, yeye yule aliyemshinda.

Montrose na theluji

Kwa wakati huo Montrose alikuwa ameshaanza kujitenga. Aliamini Agano lilikuwa la kulinda kanisa, na sasa Earl wa Argyll, mkuu wa ukoo wa Campbell, alikuwa akilitumia kujipatia mamlaka. Hapa simlaumu, nadhani aliona kweli. Alifungwa kwa miezi katika ngome ya Edinburgh, akatoka akiwa mtu wa mfalme. Agosti 1644, wakati Leslie na jeshi kubwa wako Uingereza kulisaidia Bunge, Montrose aliingia Uskoti na wenzake wawili tu, amevaa kama mtunza farasi. Huko Blair Atholl alikutana na Alasdair Mac Colla, aliyekuja na askari kama 2,000 hivi, wengi wao Waayalandi, pamoja na watu wa koo za Nyanda za Juu. Mbinu yao iliwatisha wote: piga risasi mara moja kwa karibu, tupa gobori chini, chomoa upanga, kimbilia adui kabla hajashindilia baruti tena.

Ushindi mkubwa kuliko wote, kwa macho yangu, ni Inverlochy. Mwisho wa Januari 1645 Montrose alikuwa Kilcumin, kwenye ncha ya ziwa Ness, na kama watu 1,500. Mbele yake, Inverness, kulikuwa na adui. Nyuma yake, Inverlochy, Argyll alikuwa na kama 3,000. Njia ya bondeni ilikuwa ikilindwa. Basi akageuka, akapanda milimani. Siku mbili walitembea kwenye theluji, wakivuka vijito vya barafu, hakuna moto, hakuna nyama. Usiku wa mwisho walilala wazi chini ya mlima Ben Nevis. Chakula cha Montrose na Earl wa Airlie, mzee aliyefuatana naye, kilikuwa unga kidogo uliokorogwa kwa maji baridi, wakiuokota kwa ncha ya kisu. Alfajiri ya Februari 2 tarumbeta ilipolia, ukoo wa Campbell ndipo ulipojua kwamba aliyekuja si doria. Kama 1,500 kati yao waliuawa. Argyll alitazama kutoka kwenye jahazi lake, akatweka tanga akaondoka.

Msomaji yeyote hapa huinuka kwenye kiti, nami pia. Kisha uliza: kesho yake? Watu wa milimani walibeba ngawira wakaenda kwao. Ilikuwa hivyo baada ya Tippermuir, ushindi wake wa kwanza, na ikawa hivyo tena na tena. Walikuwa wamekuja kuwapiga Campbell. Vita vya mfalme kwao vilikuwa kisingizio. Montrose hakuwa na mshahara wa kuwapa, hakuwa na kamati za wilaya, hakuwa na mji wa kuhifadhi baruti. Mwanawe wa kwanza, kijana mdogo aliyefuatana naye vitani, alifariki mapema mwaka huo.

Na kuna Aberdeen, ambayo wapenzi wake huipita kwa kunyata. Septemba 13, 1644, kabla ya pigano, alipeleka mjumbe na mpiga ngoma kuutaka mji ujisalimishe. Wakati wanarudi, mpiga ngoma akapigwa risasi. Montrose akaghadhabika, na baada ya ushindi akawaachia askari wake mji. Waliua na kupora kwa siku kadhaa. Huu ni mji uleule ambao miaka michache nyuma yeye mwenyewe aliulazimisha kukubali Agano. Sijaona barua wala shairi lake linaloweza kulifuta hilo.

Kilele kilifika Kilsyth, Agosti 15, 1645. Jeshi la mwisho la Wanaagano ndani ya nchi lilivunjika, kwa sehemu kwa sababu kamati ya mabwana ilimwamuru jenerali William Baillie asogeze askari mbele ya macho ya adui. Glasgow ikafungua milango. Uskoti yote ilikuwa yake. Akakataza mji usiporwe, akaitisha Bunge likutane Oktoba. Kesho yake? Mac Colla akaondoka kwenda kuendelea na ugomvi wake na Campbell. Watu wa ukoo wa Gordon, waliokuwa askari wake wa farasi, wakaondoka kwa kuudhika. Mwezi haukutimia, alibaki na askari mia chache wa miguu wa Kiayalandi na farasi wa kuokoteza, na Septemba 13 asubuhi yenye ukungu akakutwa Philiphaugh.

Yule wa tatu

Aliyemkuta ni David Leslie, naye mkongwe wa Uswidi, aliyekuja mbio kutoka Uingereza na farasi kwa maelfu. Pigano halikuwa refu. Waayalandi waliosalimisha silaha kwa ahadi ya kuachiwa uhai waliuawa, na wanawake na watoto waliofuata kambi wakauawa pia. Mwaka 1647, kwenye ngome ya Dunaverty, waliokuwa ndani walitoka kwa kiu, wakajisalimisha, na kama 300 wakachinjwa, huku mchungaji mmoja akihimiza. Ukichagua kumsoma David Leslie, jiandae kwa kurasa hizo. Ukatili wa Aberdeen haukuwa wa upande mmoja.

Lakini mwaka wa kumsomea hasa ni 1650. Cromwell, jemadari wa Bunge la Uingereza, alivamia Uskoti, na kiangazi chote David Leslie alimnyima pigano. Alijificha nyuma ya mahandaki kati ya Edinburgh na Leith, akaondoa chakula mashambani, akaiacha mvua na kuhara vifanye kazi. Cromwell aliingia na watu 16,000. Kufikia Septemba walio wazima walikuwa kama 11,000, wamebanwa Dunbar kati ya kilima cha Doon na bahari. Hiyo ilikuwa kazi ya jemadari wa daraja la juu kabisa. Wakati huohuo wachungaji walikuwa wakichuja jeshi lake, wakifukuza maofisa wapatao 80 na askari kama 3,000 kwa kutokuwa safi vya kutosha kiimani, na mara nyingi waliofukuzwa ndio waliojua vita. Septemba 2 jeshi lilishuka kilimani. Usiku ulikuwa wa mvua, tambi, zile kamba za moto za kuwashia magobori, zikazimwa karibu zote ili zisiishe. Alfajiri ya Septemba 3 Cromwell akashambulia ubavu wa kulia, na yote yakabomoka. Mateka walisukumwa kwa miguu hadi kanisa kuu la Durham, na wengi walikufa huko. Mwaka 2013 mifupa ya baadhi yao ilifukuliwa karibu na kanisa hilo wakati wa ujenzi. Mwaka mmoja kamili baadaye, Septemba 3, 1651, alishindwa tena Worcester, akatekwa, akafungwa katika Mnara wa London hadi 1660.

Doa la mzee

Nisije nikaonekana nampamba Leslie mzee. Julai 2, 1644, katika pigano la Marston Moor, kaskazini mwa Uingereza, ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi matatu ya Waskoti na Bunge yaliyoungana dhidi ya mfalme, na upande wake wa kulia ulipovunjika jioni ile aliamini yote yamepotea, akakimbia hadi karibu na Leeds. Habari kwamba wameshinda zilimfikia akiwa mbali na uwanja. Waliookoa siku ni askari wa farasi wa Cromwell na David Leslie, na vikosi vya miguu vya Kiskoti vilivyokataa kusogea. Tena, mfalme alipojikabidhi kwa jeshi la Leslie mwaka 1646, Waskoti walimkabidhi kwa Bunge la Uingereza Januari 1647, wakati uleule walipoanza kulipwa pauni 400,000 za madai ya jeshi. Uamuzi ulikuwa wa wanasiasa, lakini jeshi lilikuwa lake, na watu hawakumsahaulisha.

Hata hivyo Oktoba 1644 aliichukua Newcastle mara ya pili, kwa kuchimba chini ya kuta na kuzilipua. Makaa tena. Alijua anachotafuta.

Umchague nani

Kama unataka hadithi ya kukutoa usingizi, au unajiandaa kuandika tamthilia, chukua Montrose. Maandishi juu yake ni tele, yakianza na kitabu cha Kilatini cha mchungaji wake George Wishart, ambacho maadui walimfunga shingoni siku ya kunyongwa. Ila soma sura ya Aberdeen kabla ya Inverlochy.

Kama umewahi kuongoza watu huku wakubwa wasiojua kazi wakikuvuruga, David Leslie atakuuma moyo, na mwaka wa 1650 peke yake unatosha.

Lakini kama unataka kuelewa jeshi linatoka wapi, linakula nini, na kwa nini pigano dogo mtoni linaweza kumpigisha mfalme magoti, anza na mzee. Utapata taabu kidogo, kwa sababu hakuacha mashairi; yumo kwenye hesabu za posho, kwenye orodha za maofisa, na katika barua za watu wengine. Taabu hiyo inalipa. Na ukimwelewa yeye kwanza, utaona Montrose alikosa nini hasa kila alipoamka asubuhi baada ya ushindi.

Miisho ya Montrose na mzee ilikutana katika majira yaleyale ya kuchipua ya 1661. Montrose alikuwa amejaribu mara ya mwisho mwaka 1650, akashindwa Carbisdale, akapotea njaa milimani, akakabidhiwa, na Mei 21 akanyongwa Edinburgh. Kichwa chake kikachomekwa kwenye mwiba wa chuma juu ya gereza la mji kwa miaka karibu kumi na moja. Kilishushwa Januari 1661, baada ya ufalme uliofutwa mwaka 1649 kurudi. Leslie, aliyetekwa na Waingereza mwaka 1651, akaachiwa baadaye kwa maombezi ya malkia wa Uswidi, alifariki Aprili 4 kwenye kasri lake la Balgonie. Mei 11 mabaki ya Montrose, yaliyokusanywa kutoka miji minne yalikotawanywa, yalizikwa kwa fahari St Giles. Mei 27 Argyll alikatwa kichwa, na kichwa hicho kikachomekwa kwenye mwiba uleule.